Malkia, Siti au Regina? Kulinganisha majina ya vyeo kabla hujampa binti yako

Ukimwita binti yako Neema, hakuna atakayeuliza neema hiyo aliipata wapi. Ukimwita Malkia, atatokea mtu, na mara nyingi ni shangazi, wa kuuliza ufalme wenyewe uko wapi. Hapo ndipo majina ya vyeo yanapoachana na majina mengine ya sifa: cheo kina mwenyewe. Kuna mahali ambako mtu anakibeba kwa kuzaliwa, kwa kuolewa au kwa kutawazwa, na mtoto wako atakuwa amekipata bila kupita mlango huo.

Hilo halijawahi kutuzuia. Mwambao umejaa kina Siti, Mwanahamisi, Sharifa na Sultana. Bara kuna kina Regina na Queen. Ukienda Goma, Bukavu au Bujumbura, utawakuta kina Reine na Princesse kwenye kila darasa. Kwa hiyo sitapoteza muda kujadili kama inafaa kumpa mtoto cheo. Swali la maana ni kipi, na kwa mtoto atakayeishi wapi.

Kipimo changu ni kimoja. Je, pale mtoto atakapokulia, cheo hicho bado kinafanya kazi, au kimeshapoa? Kikiwa kimepoa, kinabaki jina kama majina mengine na heshima yake ya zamani inakaa kimya ndani yake. Kikiwa bado cha moto, kitaleta maswali, makaratasi na pengine maneno ya watu. Nitayapitia yale ambayo wazazi huyauliza zaidi, mawili mawili au matatu matatu, kwa sababu karibu kila jina hapa lina ndugu yake wa karibu ambaye ndiye mshindani wake wa kweli.

Malkia au Malika

Ni neno lilelile la Kiarabu lililopita njia mbili. Malkia ndilo tulilolifanya letu: Malkia wa Sheba, Malkia Esta, malkia wa nyuki, Malkia Strikers wa voliboli ya Kenya. Malika limebaki karibu na asili yake, na kama jina la mtu lina umri mrefu kutoka Morocco hadi Mombasa.

Tofauti yao kwa mtoto ni kubwa kuliko herufi zinavyoonyesha. Malkia likitamkwa sokoni Morogoro, kila mtu anasikia cheo kwanza na mtu baadaye. Mtoto mwenye haya atachoka nalo mapema. Mwenye sauti kubwa atalitumia vizuri. Tena limezoea kutolewa na watu kwa aliyelifanyia kazi. Mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa hakupewa "Malkia wa Mipasho" kwenye cheti cha kuzaliwa, alilipata jukwaani. Anayezaliwa nalo anatangulizwa sifa kabla ya kazi.

Malika halina kelele hiyo. Kwa Mswahili wa kawaida ni jina la kike la Kiislamu, basi. Hatari yake ni ndogo: wasiolizoea watalisikia kama Malaika, na wengine wataliandika hivyo. Malaika ni jina zuri, lakini ni neno jingine kabisa, na mtoto atakuwa wa kusahihisha watu kila mara.

Marekani hesabu inageuka. Miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani Weusi wengi waliwapa watoto wao, au kujipa wenyewe, majina ya Kiswahili, na Malkia ni miongoni mwa yaliyotumika. Huko halisikiki kama cheo bali kama dai la asili, na binti wa Kitanzania anayekulia Ohio atalikuta limeshatengenezewa njia. Kwa familia ya huko ningesema Malkia bila kusita. Kwa familia ya Tabora, Malika.

Familia za Kiislamu huwa na swali la ziada hapa, na ni swali halali. Ipo Hadithi, katika Bukhari na Muslim, kwamba jina baya zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni la mtu anayejiita Mfalme wa Wafalme. Sufyan bin Uyayna, mmoja wa wapokezi wake, alilifafanua kuwa ni kama kusema Shahan Shah, yaani Mfalme wa Wafalme kwa Kiajemi. Ipo pia habari ya Barra, jina lenye maana ya mwema, ambalo Mtume (s.a.w.) alilibadilisha kuwa Zainab kwa sababu lilikuwa na harufu ya kujisifu. Hadithi ya kwanza inagusa cheo cha juu kupita vyote, ambacho ni cha Mungu peke yake. Malkia mmoja kati ya malkia wengi hajafika huko, na ndiyo maana kina Malika wamejaa katika miji ya Kiislamu bila mtu kushtuka. Lakini habari ya Barra inatosha kumfanya mzazi mwenye tahadhari asogee upande wa majina yaliyopoa. Saudi Arabia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 magazeti ya Ghuba yaliripoti orodha ya majina 50 yaliyokatazwa kusajiliwa huko, na Malika lilikuwamo pamoja na majina mengine yenye harufu ya ufalme. Ufalme wenye mfalme aliye hai hauchukulii neno hilo kama pambo.

Siti au Mwana

Hapa ndipo mwambao una utajiri wake, na nashangaa wazazi wa siku hizi wanavyopita haraka kwenda kutafuta majina Uturuki.

Siti ni "bibi yangu" kwa maana ya bibi mtukufu, si mama wa mama. Hakuna aliyelipa uzito jina hili kama mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880. Wazazi wake walimwita Mtumwa, jina la hali waliyokuwa nayo. Siti alikuja kuitwa baadaye, mjini, sauti yake ilipokwisha kuwashinda watu. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na jina lililoandikwa juu ya santuri hizo lilikuwa la heshima, lile la kuzaliwa likasahaulika. Kutoka Mtumwa hadi Siti: sijui jina jingine la Kiswahili lililosafiri umbali huo katika maisha ya mtu mmoja.

Tangu hapo Siti limepoa vizuri. Mke wa Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mama Siti Mwinyi, na nchi nzima ikasema jina hilo kwa miaka kumi, 1985 hadi 1995, bila kufikiri kwamba ilikuwa inataja vyeo viwili kwa pamoja, maana Mwinyi naye ni bwana mkubwa. Watawala wa Unguja wa zamani waliokaa Dunga waliitwa Mwinyi Mkuu. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Malaysia na Indonesia, Siti ni la kawaida kabisa. Mwimbaji Siti Nurhaliza anajulikana huko kwa kila nyumba. Binti yako akihamia Kuala Lumpur hatahitaji kueleza lolote. Akienda Cairo atacheka kidogo, kwa sababu kule "sitt" bado ni namna ya kumwita mwanamke yeyote mtu mzima.

Kasoro yake iko kwenye daladala. Dar es Salaam siti ni kiti, na konda haachi kupiga kelele kwamba siti zipo. Mtoto wa shule atataniwa, hilo lihesabu. Ni utani wa miaka michache, na mwenye ulimi mwepesi atajifunza kuujibu. Wapo wanaoandika Sitti au Sitty kulikwepa. Haisaidii, utani ni wa sikio.

Mwana ni cheo cha Kiswahili chenyewe, hasa cha kaskazini: Lamu, Pate, Siyu, Mombasa. Mwana ndiye bibi mwenye nyumba, mwungwana. Mwana Mkisi anatajwa katika masimulizi ya Mombasa kama malkia wa mwanzo wa mji. Mwana Khadija alitawala Pate karne ya 18. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, alimpa binti huyo naye jina lenye cheo kilekile: Mwana Hashima.

Kisha cheo kikaungana na majina ya siku na nyakati, tukapata Mwanahamisi, Mwanajuma, Mwanaidi, Mwanakombo, Mwanaheri, Mwanamkuu. Upande wa wanaume Mwinyi ilifanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana Mwanajuma ana kaka yake Mwinjuma. Leo wengi wanasikia "mtoto aliyezaliwa Ijumaa" na hawaoni cheo hata kidogo. Kimepoa hadi kimesahauliwa.

Kati ya Siti na Mwana, kinachoamua ni urefu na umri. Siti ni fupi, halichoshi, linaandikika popote. Majina ya Mwana ni marefu kidogo na vijana wa mjini huyaona ya bibi zao. Kina Mwanahamisi wengi hujikata wakawa Mwana au Mishi. Lakini nikiulizwa ni jina gani la cheo ambalo hakuna anayeweza kusema limekopwa, nitajibu Mwanamkuu. Na Pemba na Unguja wana Bimkubwa, ambalo kwangu ni jina la mtu aliyeamua tangu siku ya kwanza kwamba mtoto huyu hatapelekwapelekwa. Bimkubwa linahitaji mtoto mwenye mabega. Kwa mwanamke wa miaka hamsini ni jina zuri kupita kiasi. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni la kuchekesha, na wenyewe wanajua, ndiyo raha yake.

Sharifa, Sayyida au Sheikha

Haya matatu yanafanana kwa sauti ya heshima, na ndiyo yanayohitaji tahadhari kuliko yote, kwa sababu kila moja bado lina wenyewe.

Sharifa kwa maana ya kawaida ni mwanamke mtukufu, na Tanzania limetawanyika kila mahali, pwani na bara, kwa watu wasio na ukoo wowote wa pekee. Lakini Lamu, na kwa kiasi Mombasa, Unguja na Ngazija, sharifa ni mwanamke wa kizazi cha Mtume. Familia zinazojulikana, kama Jamalilayl aliyotoka Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha pale Lamu, zina nasaba zilizoandikwa. Binti akijitambulisha hapo kama Sharifa, swali linalofuata ni wa ukoo gani. Na halikomei kwenye udadisi. Ndoa za masharifa zimekuwa zikipimwa kwa kufu, yaani usawa wa nasaba, na ingawa vijana wengi wanaupinga mzani huo, haujaondoka. Kwa hiyo Dodoma, Sharifa ni jina zuri lililopoa. Lamu ni cheo cha moto. Kama wewe si wa kizazi hicho na makazi yako ni kaskazini ya pwani, chagua jingine, usimpe mtoto kazi ya kukanusha nasaba.

Sayyida lina wenyewe wawili. Sehemu nyingi za Uislamu linaonyesha kizazi cha Mtume, sawa na Sharifa. Oman ni cheo cha ukoo wa kifalme wa Busaidi, ndiyo sababu binti wa Said bin Sultan aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 anatajwa kama Sayyida Salme, yule aliyeolewa na Mjerumani akawa Emily Ruete na kuacha kumbukumbu zake zilizochapwa 1886. Mke wa Sultani Haitham bin Tariq naye anatajwa kwa cheo cha Sayyida. Waswahili wa Muscat wanajua mipaka hii bila kuambiwa. Kumpa binti jina Sayyida huku ukoo wako si huo kutaonekana kama kuvaa nguo ya jirani.

Wazazi wengi, kwa kweli, hawalitaki Sayyida bali wanalichanganya na Saida. Saida ni mwenye furaha na bahati, halina cheo ndani yake, na mwimbaji Saida Karoli wa Kagera amelifanya lijulikane hadi vijijini. Kama kilichokuvutia ni sauti tu, Saida litakupa sauti ileile bila mzigo.

Sheikha ndilo lililo rahisi kati ya matatu kwa anayeishi Afrika Mashariki, na gumu kwa anayeishi Ghuba. Qatar, Kuwait, Bahrain na Falme za Kiarabu, wanawake wa familia zinazotawala hutangulizwa Sheikha, kama Sheikha Moza bint Nasser wa Qatar. Hata hivyo ni jina la kawaida pia, na Zanzibar utawakuta kina Shekha wa kila umri. Binti wa Unguja mwenye jina hilo akiajiriwa Doha atakuwa akieleza kwenye simu kwamba Sheikha si cheo chake. Na nyumbani Unguja atasikia utani wa sheha, mkuu wa shehia, hasa siku akitaka kuamua ugomvi wa majirani. Utani huo, nadhani, hauna ubaya.

Amira au Sultana

Amira ni binti wa kifalme, au mwanamke anayeamrisha. Ni jina jepesi, linatamkika Nairobi, Muscat, London na Toronto bila mtu kujikwaa, na limeenea hata kwa familia zisizo za Kiislamu. Cheo chake kwetu kimepoa kabisa: mkuu wa majeshi yetu ni Amiri Jeshi Mkuu, na Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 2021 aliendelea kuitwa Amiri, Kiswahili hakikuongeza "a" ya kike. Kwa hiyo Amira halimkumbushi mtu ofisi yoyote.

Linamkumbusha hamira. Ndiyo, ya maandazi, ambayo wengi huitamka amira bila "h". Usilidharau hilo kama mtoto ataanza shule ya msingi Tanga au Temeke. Ni utani wenye nguvu kuliko ule wa siti, kwa sababu unakuja na maneno ya kuumuka.

Sultana halina tatizo hilo. Ni zito, lina mdundo wa tenzi, na historia yake si ya wake wa masultani tu: Razia alikalia kiti cha Delhi kuanzia 1236 hadi 1240, na Shajar al-Durr akaishika Misri mwaka 1250. Zanzibar, ambako usultani ulidumu hadi mapinduzi ya Januari 1964, unaweza kudhani jina hili lina siasa. Kwa wazee wachache huenda. Kwa wengine limekuwa jina la mtu kama jina jingine. Uingereza sultana ni aina ya zabibu kavu, na huko ndiko litakakotaniwa. Kwa maisha ya Ulaya chukua Amira. Kwa maisha ya pwani, na kwa msichana ambaye familia yake ina mashairi, Sultana linampita mwenzake mbali.

Queen, Princess na Reine

Hapa ninakiri upendeleo: siyapendi mawili ya kwanza, lakini sababu zangu nyingi ni za sikio, kwa hiyo zichuje.

Queen limefaulu kuliko wakosoaji walivyotarajia. Queen Cuthbert Sendiga aligombea urais wa Tanzania mwaka 2020 kwa tiketi ya chama cha ADC na baadaye akawa Mkuu wa Mkoa, na jina halikumzuia kuchukuliwa kwa uzito. Linaandikwa Kwini na wasiojua Kiingereza, na Kwini lenyewe si baya; kwa masikio yangu ni zuri kuliko Queen.

Princess ni gumu zaidi. Lilifika kwetu kama cheo cha watawala: hospitali ambayo leo ni Muhimbili ilipewa mwaka 1956 jina la Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth. Likageuka jina la mtoto wa kupendwa, na humo ndimo tatizo lilipo. Ni jina la mtoto. Mwanasheria mwenye miaka arobaini anayeitwa Princess atakuwa na njia za kuliishi, lakini atakuwa amezitafuta mwenyewe.

Kisha kuna makaratasi. New Zealand sheria ya usajili ya mwaka 1995 ilimruhusu msajili kukataa jina linalofanana na cheo rasmi bila sababu ya kutosha, na Princess limekataliwa huko mara nyingi, pamoja na King na Prince. Baadhi ya majimbo ya Australia yana katazo la namna hiyo. Uingereza hawakatazi, lakini jina linaloonekana kama cheo linaweza kufanya pasipoti iwekewe maelezo kwamba neno hilo ni jina wala si cheo cha mwenye pasipoti. Kwa familia yenye ndugu Auckland au Sydney, au yenye mpango wa kuhamia, hilo linatosha kuamua.

Reine, malkia wa Kifaransa, linasimama mbali na wenzake. Kwa Wakatoliki lina mtakatifu wake, Reine wa Alise kule Burgundy, ambaye Kilatini humwita Regina na sikukuu yake ni 7 Septemba. Kongo, Rwanda na Burundi ni jina la kila siku. Lina silabi moja, haliringi. Tatizo ni kwamba likivuka mpaka kuingia Kigoma hakuna anayejua kulisoma. Litakuwa Reine kama lilivyoandikwa, kisha Reini, kisha Rehani.

Yaliyojificha: Regina, Sara, Marta, Kandake

Mzazi anayetaka cheo bila kelele aje upande huu.

Regina ni malkia kwa Kilatini, na Wakatoliki walilipokea kupitia Maria. Anayesali Salamu Malkia kila jioni anajua jina hili limetoka wapi hata kama hajawahi kuliwazia. Papa Pius XII alianzisha sikukuu ya Maria Malkia mwaka 1954, na tangu 1969 inaadhimishwa 22 Agosti. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo ana sababu tayari. Linaandikwa Rejina, linafupishwa Gina, linazeeka vizuri.

Sara ni binti wa mfalme au mwanamke mkuu kwa Kiebrania, na katika Mwanzo 17 jina hilo linatolewa pamoja na ahadi kwamba wafalme watatoka kwake. Kwa ndoa yenye Mwislamu upande mmoja na Mkristo upande mwingine, hakuna jina la cheo linaloishinda Sara. Bibi zote mbili watalikubali, kila mmoja akidhani ni lake.

Marta huwashangaza watu. Ni Kiaramu, bibi mwenye nyumba, sawasawa na Mwana wa Lamu. Yule Marta wa Luka 10 aliyekuwa akihangaika na utumishi wakati dada yake ameketi alikuwa kwa jina mkubwa wa nyumba. Leo wengi wanaliona jina la kazi nyingi na shukrani chache. Ningependa lirudi, ila sitamlazimisha mtu.

Kandake ndilo ambalo karibu hakuna anayelifikiria. Lilikuwa cheo cha malkia au mama wa mfalme katika ufalme wa Kushi uliokuwa na makao Meroe, Sudan ya leo. Matendo ya Mitume 8 inamtaja Kandake ambaye towashi wake, mwenye kusimamia hazina, alibatizwa njiani na Filipo. Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, Kandake Amanirenas alipigana na Warumi, na kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto kilichotekwa kikafukiwa Meroe chini ya ngazi za hekalu, kila aingiaye akikanyage. Wachimbaji walikipata mwaka 1910. Sasa kiko British Museum. Kwa Kiingereza jina hili limekuwa Candace, likapoteza meno. Kandake kama lilivyo katika Biblia yetu linakaa vizuri mdomoni mwa Mswahili, halina mwenyewe aliye hai, halichanganywi na kitu chochote cha jikoni wala cha daladala. Kwa kipimo cha kupoa, limepoa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

Waethiopia, kwa njia, hawana aibu na jambo hili: Nigist, yaani malkia, na Emebet, bibi wa nasaba, ni majina ya kawaida kabisa ya wasichana. Kwa familia zenye damu ya huko yanafaa. Kwa wengine, Kandake liko karibu zaidi.

Kabla hujafika dirishani

Kuna jambo ambalo orodha za majina hazikuambii: hutalibeba jina hili kwa niaba ya mtoto tu. Siku akizaliwa wewe ndiye utakuwa Mama Nani. Mama Siti na Mama Regina ni watu wa kawaida. Mama Princess utalisikia kwenye vikao vya wazazi kwa miaka kumi na mitano. Mama Malkia kwa sikio la Mswahili ni mama wa mtawala, na utaitwa hivyo ukiwa umesimama foleni ya maji. Baba naye ajaribu: Baba Sultana, Baba Queen, Baba Bimkubwa. Kama mmoja wenu anacheka kila akilitamka, endeleeni kutafuta.

Jaribu pia kuliunganisha na majina yatakayofuata. Cheo kikifuatwa na jina ambalo tayari lina malkia wake, jina linarudi kuwa cheo. Malkia Esta, Queen Elizabeth, Princess Diana: haya yanasomeka kama vichwa vya habari, si majina ya mwanafunzi. Malkia Juma ni mtu. Sultana Said, hapa kwetu, linaweza kupita pande zote mbili.

Nikilazimishwa kugawa: familia ya Kiislamu ya Tanga au Unguja, Siti, na kama bibi yupo hai na anaitwa Mwanahamisi, mpeni mtoto jina la bibi. Mombasa au Lamu wasio masharifu, Mwanamkuu au Malika. Waliopo Muscat na Doha, Amira, kwa sababu hamira huko haina jina hilo. Wakatoliki wa bara, Regina. Wa Kongo na Burundi, Reine kama mtoto hatasoma upande wa Kiingereza, la sivyo Regina. Ndoa ya dini mbili, Sara. Marekani, Malkia. Anayetaka jina ambalo hakuna mwenzake darasani atakuwa nalo, Kandake.

Mkishakubaliana, liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla ya kwenda kwenye usajili, RITA kwa Bara au ofisi inayohusika mahali mlipo, na msomeeni karani anapoandika. Sitti yenye "t" mbili kwenye cheti na Siti yenye moja kwenye kadi ya kliniki zitamsumbua siku ya kuomba kitambulisho cha NIDA. Sayyida, Saida, Saidia, Sayda: nimeziona zote kwa mtu mmoja.